Sura ya Saba Itaandikwa Baadaye

Mama Scolastika hakuwa mtu wa kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wa hapa Shinyanga wakisikia kwamba kuna mwanamke wa kwetu aliyeandika sura nzima ya maelezo ya programu inayotumika katika nchi kumi na moja, wanamwona kichwani msomi wa chuo kikuu mwenye miwani minene. Alikuwa karani wa kadi katika hospitali ya misheni, kwenye njia ya Kahama kwenda Geita, mahali ambapo upande mmoja wa barabara ni mashamba ya pamba na upande wa pili ni mashimo ya wachimbaji. Kwao ni Chato, Mzinza, binti wa mvuvi. Hospitalini aliingia kama mfagizi. Mtawa mmoja mzee alimfundisha kupiga taipu baada ya kuona kwamba hata mafagio aliyapanga stoo kwa urefu, kutoka refu hadi fupi.

Mimi naitwa Riyaz, na duka langu lipo Kambarage. Marehemu baba aliuza nyuzi na vitambaa. Mimi nikaleta fotokopi, karatasi na ufundi wa redio, na tangu mwaka 1996 nikaongeza barua pepe, maana nilikuwa na laini ya simu na kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na Dar es Salaam kinacholia kama paka anayekabwa. Watu walikuja kuisikiliza ile sauti tu, wakacheka, wakaenda zao. Mama Scolastika hakucheka. Kila Alhamisi alishuka kwenye basi la Kahama kiasi cha saa tano asubuhi, amebeba kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo disketi mbili zilizofungwa kwenye kipande cha kanga zisiingie vumbi. Nilimpa kiti, akakataa. Alisimama mpaka barua zake ziishe kwenda, kisha akanunua mkate, akarudi kwao.

Programu yenyewe iliitwa Rejesta. Mgeni mmoja wa misheni aliiacha pale hospitalini kwenye disketi tatu, akaondoka. Haikuuzwa wala haikuwa na kampuni. Iliandikwa na watu wa kujitolea, mmoja Uholanzi, mwingine Kanada, mwingine India, kila mtu kwake baada ya kazi, bila malipo, na yeyote aliruhusiwa kuifungua tumboni, kuona ilivyofumwa na kuibadilisha. Ukiona kasoro, unaandika barua kwenye baraza lao, barua moja ikasomwa na wote. Mimi nilivutiwa nao mno. Nilijiona na mimi nimo barazani na watu wakubwa wa dunia, na ndiyo maana nilitaka barua zinazotoka dukani kwangu ziwe za kistaarabu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Kazi ya Rejesta ilikuwa kutunza kadi za wagonjwa wa kifua kikuu. Vumbi la mashimo lilileta wagonjwa wengi, na dawa zile zinamezwa miezi minane bila kuruka. Kila Jumatatu mashine ilichapa orodha ya wanaostahili dawa, na mtunza stoo, bwana mmoja anayeitwa Donatus, alitoa dawa kwa orodha hiyo na si kwa kitu kingine. Ilikuwa amri. Zamani kidogo vidonge vilikuwa vinaibwa na kuuzwa machimboni, na tangu hapo hospitali ikasema: asiyekuwemo kwenye orodha hapewi hata kidonge kimoja.

Januari 1997 aliandikishwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, Esta Maduhu. Alikuwa darasa la nne, mwepesi wa kusoma, na Mama Scolastika alimpenda kwa sababu alikuwa akisimama nyuma yake na kumtajia herufi kabla hajazitafuta. Miezi miwili alimeza dawa vizuri. Lakini kikohozi kilichelewa kwisha, na nyumbani kwao wakaingiwa na wasiwasi.

Jumatatu moja ya Machi mama yake alikuja naye, akasimama dirishani pa kadi.

“Mama Scola, huyu si Esta tena. Ni Kabula.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumamosi. Tulikwenda kwa mfumu. Shangazi yake anataka jina lake, ndiyo maana anamkaba kifua. Tumempa jina, amevaa na shanga zake. Ukimwita tena jina la zamani, shangazi atakasirika, atamchukua.”

Kwa Wasukuma jambo hilo si geni. Mfumu, yaani mganga, akiona mzimu unadai jina, mtoto hupewa jina hilo, na la zamani linazikwa. Shangazi huyo, Kabula Maduhu, dada wa baba yake, alikufa kwa ugonjwa huohuo, kijiji hichohicho, katika wodi ya hospitali hiyohiyo. Mama Scolastika alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, lakini hakubishana. Aliniambia baadaye, “Jina likikubaliwa, mgonjwa anarudi. Jina likikataliwa, mgonjwa anapotelea porini. Mimi nataka arudi.” Akafuta Esta, akaandika Kabula. Kama ni kosa, alilifanya kwa moyo safi, na mpaka leo sijui angefanya nini kingine.

Jumatatu iliyofuata aliwasha mashine. Rejesta ilikuwa na tabia ya kujifagia, yaani kuzipitia na kuzipanga kadi zote, kila Jumatatu asubuhi, dakika tano hivi, kabla ya kuchapa orodha. Ilipomaliza, jina la mtoto halikuwemo. Akafungua kadi. Ilisema: Kabula Maduhu, amefariki 14 Novemba 1995, kadi imefungwa.

Alitoka nje kwenda kwenye benchi. Mtoto alikuwa amekaa pale pale, anamenya karanga, anakohoa. Akarudi ndani, akaifungua kadi upya, akaandika yu hai. Mashine ikakubali bila ubishi. Jumatatu ya pili ikamuua tena, tarehe ileile.

Msidhani alikaa tu. Aliandika “Kabula Mdogo Maduhu”, mashine ikaruka lile jina la katikati kana kwamba halipo. Alitaka kumwandika Kabula Esta, mama mtu akalia na kukamata mkono wake. Alibadilisha kijiji, na kweli wiki hiyo jina likatokea kwenye orodha, lakini bahasha ya dawa ikapelekwa na mwenye baiskeli wa hospitali kwenye kijiji alichokiandika, ikarudi baada ya siku kumi na mbili haijafunguliwa. Donatus alitoa dawa za wiki mbili kwa siri, kisha akakataa.

“Mama, siwezi kumpa marehemu dawa,” alisema. “Nikikaguliwa nitajibu nini?”

Wagonjwa wengine waliyasikia hayo. Benchi lile hukaa watu sita. Tangu siku hiyo, mtoto alikaa upande mmoja na watano wakabanana upande wa pili.

Alhamisi yake alinijia na disketi na kurasa sita zilizoandikwa kwa mkono, pande zote mbili. Mlikuwa na kila kitu mle: kikohozi, mfumu, shangazi, shanga, wodi, Jumatatu ya kwanza, Jumatatu ya pili, majina yote aliyoyajaribu.

“Watafsirie yote,” alisema. “Usiache kitu. Mficha uchi hazai.”

Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona aibu. Niseme ukweli, niliona aibu kwa niaba ya mji mzima. Nikamfikiria yule Mholanzi, Pieter, mwalimu wa hesabu, anasoma habari za mizimu inayodai majina, halafu wale wa Kanada wanaunga mkono kwa vicheko. Nikaandika mistari mitatu kwa Kiingereza changu kizuri: mgonjwa wetu mmoja yu hai, lakini programu inaonyesha amekufa, tukimrudisha, Jumatatu inamfunga tena, tafadhali rekebisheni. Nikatia salamu za heshima. Kurasa sita nikazitia kwenye droo, chini ya risiti. Mama Scolastika alikuwa amesimama pale pale, akaniuliza kama zimekwenda, nikamwambia zimekwenda.

Jibu lilichukua siku tisa. Pieter aliandika kwamba amejaribu nyumbani kwake, ameingiza wagonjwa mia, ameua kumi, na hakuna aliyekufa bila ruhusa. Alitaka hatua moja moja tulizopitia mpaka kasoro ikatokea. Nikamjibu hatua nilizoona zinafaa: tunawasha, inajifagia, anakufa. Siku sita tena. Safari hii akajibu yule wa Kanada, mtu tusiyemjua, kwa mstari mmoja: watumiaji wasome maelezo kabla ya kusumbua baraza.

Basi tukasoma. Maelezo yalikuwa kurasa arobaini na moja, nikayachapa yote kwa wino wangu. Mama Scolastika aliyachukua nyumbani na kamusi ya misheni, akarudi Alhamisi iliyofuata karatasi zimechakaa pembe. Aliniwekea kidole kwenye ukurasa wa thelathini na tatu. Palikuwa na kichwa cha habari, Sura ya Saba: Jinsi Kadi Zinavyounganishwa. Chini yake palikuwa na mstari mmoja tu. Sura hii itaandikwa baadaye.

“Baadaye lini?” aliniuliza.

“Hawajasema, mama.”

“Na sura ya nane ipo?”

Ilikuwepo, ndefu, ya namna ya kubadilisha rangi za kioo.

Alicheka siku hiyo, kicheko kibaya, akarudisha karatasi kwenye kopo. Mimi nikaandika barazani kwamba sura ya saba haipo. Hapo palizuka ugomvi mkubwa. Barua ishirini na tisa ziliandikwa kwa wiki moja, wengine wakisema maelezo ni kazi ya mwandishi wa programu, wengine wakisema ni kazi ya anayelalamika, na wawili wakavutana kuhusu kifo kiandikwe kwa sifuri au kwa moja. Nilizilipia barua zote zile dakika za simu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la mgonjwa. Mwisho taarifa yetu ikapewa alama: imefungwa, haiwezi kurudiwa, yaani kwao kasoro haionekani.

Wakati wao wanagombana, mashine nayo ilikuwa na kazi yake nyingine. Kwa kila kadi iliyofungwa, ilichapa barua ya rambirambi kwa familia. Mama Scolastika alikuwa akiitoa ile ya Kabula kila wiki na kuichana. Alhamisi moja ya Aprili, yeye akiwa huku kwangu kabla hajaichana, Donatus alizifunga barua zote kwenye mfuko na kumpa mwenye baiskeli.

Mama wa mtoto hajui kusoma. Barua ilipofika, alimpa binti yake amsomee. Mtoto akasimama uani, akasoma kwa sauti ya darasani, kama walivyofundishwa: Kwa familia ya marehemu Kabula Maduhu. Tunawapa pole kwa msiba huu mzito. Mnaombwa kurudisha hospitalini vidonge vilivyobaki. Akasoma mpaka mwisho, mpaka jina la hospitali. Kisha akaikunja, akaingia ndani, akatoka na vidonge vyake, vichache alivyokuwa amebakiza, akavifunga kwenye karatasi ya daftari na kumkabidhi mama yake avirudishe.

Vilirudishwa. Donatus alivipokea, akavihesabu, akaweka saini.

Baada ya hapo kijiji kizima kilimjua kwa namna nyingine. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Walimpisha tu njiani. Alitengewa kikombe chake. Watoto wenzake walimuuliza kaburini kukoje, na yeye akawajibu kwa upole, bila mzaha, “Sikumbuki. Nilikufa Novemba.”

Nilisimuliwa haya nikaona ni maneno ya kijijini. Ndipo Alhamisi ya mwanzo wa Juni Mama Scolastika akashuka kwenye basi na kopo lake mkono mmoja na mtoto mkono wa pili.

“Nimekuletea ushahidi,” alisema. “Mwangalie, halafu uwaandikie tena.”

Alikuwa amekonda mpaka shanga za shangazi yake, za kifundo cha mkono, zilimfika kiwikoni. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba. Akasimama kizingitini, akaangalia huku na huku, akaniuliza:

“Mlango wa bluu mmeupeleka wapi?”

Duka letu lilikuwa na mlango wa bluu zamani, wakati wa nyuzi na vitambaa. Niliung'oa mwaka 1994, mwaka aliokufa baba, nikaweka wa chuma wa kahawia. Mtoto huyo alikuwa hajafika Shinyanga maishani mwake, na Mama Scolastika aliniapia hivyo hapo hapo. Bila shaka shangazi yake alikuwa akija kununua nyuzi kwa baba, na bila shaka aliwahi kumsimulia mtoto habari za mlango. Ndivyo ninavyojiambia, na mchana huwa naamini.

Akaja mpaka kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa na nakala ya Rejesta, na Mama Scolastika akafungua kadi kunionyesha. Mtoto akasoma kwenye kioo, midomo ikicheza. Aligusa kioo kwa kidole kimoja, juu ya lile jina.

“Ndimo nilimo?” aliuliza. “Mbona kadogo hivi?”

Mama yangu mzazi, Gulnaz, alitoka ndani na kikombe cha maziwa ya moto yenye iliki. Mtoto alikishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka mwisho, akamshukuru, wakaenda kuwahi basi.

Mama aliniuliza yule ni nani. Nikamweleza, na nadhani nilieleza kwa kejeli kidogo, habari za mfumu na mzimu unaodai jina, na kwamba Wazungu sikuwaandikia upuuzi huo. Nilitegemea atatikisa kichwa. Badala yake aliketi juu ya katoni ya karatasi.

“Na wewe unajua uliitwa nani?” akaniuliza.

“Riyaz.”

“Ulizaliwa Nadir. Siku arobaini hukunyonya vizuri, ulikuwa unazimika mikononi. Babu yako akamleta mzee wa msikitini, akasema jina ni zito, limemlemea mtoto. Tukalibadilisha. Jina la zamani halikutajwa tena nyumba hii, mpaka leo nimelitaja mimi.” Akainuka na kuchukua kikombe. “Ulitaka Wazungu wasijue jambo gani, mwanangu?”

Saa nane mchana nilifunga duka. Nilizitoa zile kurasa sita chini ya risiti, nikazitafsiri neno kwa neno, na mfumu wake, na shanga zake, na benchi lake. Sikupamba wala kuomba radhi. Kabla ya magharibi kisanduku kililia, barua ikaenda.

Jumamosi asubuhi jibu lilikuwa limefika. Siku mbili, baada ya miezi mitatu. Pieter alisema amesoma barua yetu mara tatu na kwamba sasa ameiona kasoro, na imo kwake, si kwetu. Hapo awali Rejesta iliangalia na umri, lakini hospitali nyingine ililalamika kwamba wagonjwa hawajui umri wao, akauondoa. Akabakiza jina la kwanza, jina la ukoo na kijiji: vikifanana, mashine inahesabu ni mtu mmoja na kuziunganisha kadi. Na kadi moja ikiwa ya aliye hai na nyingine ya aliyekufa, inashika ya aliyekufa, kwa sababu, aliandika, “nilidhani wafu hawarudi.” Hakuwahi kufikiri kwamba mahali popote duniani mtu aliye hai angepewa jina la marehemu wa nyumba hiyohiyo akiwa katikati ya dawa. Alikuwa ameambatanisha faili la kuponya. Alikuwa ameongeza pia swali: kuanzia sasa mashine haitafunga kadi ya mtu yeyote mpaka imuulize binadamu. Halafu mwishoni kabisa: “Laiti mngetuambia haya Machi. Ni kazi ya jioni moja.”

Alhamisi nilimsomea Mama Scolastika barua hiyo. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho, ulimi ulitaka kuuruka. Ningeweza. Nikausoma.

Basi moja lilipita nje, vumbi likaingia, hakulifuta kwenye kopo.

“Kurasa zangu sita ulizifanya nini?”

“Nilizifupisha, mama.”

“Ukabakiza ngapi?”

“Mistari mitatu.”

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifunga disketi kwenye kanga, fundo moja, fundo la pili, akaondoka bila kununua mkate.

Faili la Pieter lilitaka kujaribiwa kwanza, likatupotezea wiki tatu nyingine. Jumatatu, tarehe saba Julai, mashine ya hospitali ilijifagia na Kabula wawili wakatoka, mmoja amefariki 1995, mwingine yu hai, anastahili dawa. Donatus hakusubiri mwenye baiskeli. Alihesabu vidonge mwenyewe, akavipeleka kwa miguu mpaka kijijini. Mtoto alivimeza mbele yake. Alimeza wiki tano, kila siku, hakuruka hata moja. Lakini dawa zile zikikatizwa, ugonjwa hujifunza kuzishinda, na zake zilikuwa zimekatizwa miezi mitatu. Alikufa Jumapili, katikati ya Agosti, katika wodi ileile.

Mama yake alisema shangazi amekuja kumchukua, kwamba huenda tulimwita Esta mahali fulani. Sikuwa na uso wa kumwambia ni mahali gani, maana katika barua yangu ya Juni nililiandika jina lile.

Jumatatu, baada ya mazishi, mashine ilichapa orodha kama kawaida. Mama Scolastika hakuwepo, alikuwa amebaki msibani. Donatus aliichukua orodha na kuita majina dirishani kwa mazoea, moja baada ya lingine, akafika kwenye Kabula Maduhu, na jina likamtoka kabla hajakumbuka. Anaapa mpaka leo kwamba aliitikiwa. Naam, sauti ndogo, kutoka ule upande wa benchi usiokaliwa na mtu. Nilimwambia ni mtoto mwingine. Akaniuliza, mtoto yupi?

Alhamisi basi lilifika saa tano. Mama Scolastika aliingia na kopo, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama yangu. Akatoa disketi, akaitia yeye mwenyewe kwenye kompyuta yangu, akafungua kadi. Kabula Maduhu, miaka kumi na mmoja, yu hai. Chini yake mashine ilikuwa imeandika kwamba amekosa kufika Jumatatu na atumiwe barua ya kumwita.

“Barua haijaenda,” alisema. “Nimeichana. Lakini Jumatatu itachapa nyingine, na Jumatatu nyingine, mpaka mtu aifunge kadi.”

“Ifunge, mama. Si unajua kuifunga?”

“Najua.”

Akabonyeza vitufe viwili. Kioo kikafutika, likabaki lile swali jipya la Pieter peke yake katikati, kwa Kiingereza chepesi: Je, una uhakika mtu huyu amekufa? Chini yake Y ya ndiyo na N ya hapana, na alama ikiwaka na kuzima, ikingoja.

Sura ya saba ilikuja baadaye, Oktoba. Yeye alisema, mimi nikatafsiri, kurasa nane, wala sikupunguza koma. Barazani walimshukuru, hata yule wa Kanada. Wanamtaja karani wa Tanzania. Lakini siku hiyo ya Agosti hakukuwa na sura yoyote. Kulikuwa na yeye amesimama kama kawaida yake, na mimi nimekaa.

Alinisogezea kibodi.

“Jibu wewe,” alisema. “Ni herufi moja tu. Hapo hamna cha kufupisha.”

Nilitazama nje, kwenye mlango wa kahawia. Kisha nikabonyeza Y.